Ua la Mlangoni Likitazamwa kwa Karibu

Hapa Misugusugu, kando ya barabara kuu iendayo Morogoro, ardhi ni ya kichanga na jua ni kali. Akina mama wenye bustani hupenda maua yasiyodai maji mengi: vinka, haibiskasi, alamanda, oleanda na waridi la jangwani. Tunayamwagilia na kuyakata kwa kupamba kanisa, lakini ni wachache tunaoyajua kwa undani. Mwezi huu napenda tujifunze kuyapiga picha kwa karibu. Ni burudani nzuri, na kwa jicho la muuguzi ni kinga pia kwa watoto wetu.

VIFAA

Lenzi ya makro ni lenzi iliyotengenezwa kwa kupiga picha vitu vidogo kutoka karibu sana. Lenzi kamili ya aina hii ni ghali, lakini tusikate tamaa. Ziko lenzi ndogo za kubana juu ya kamera ya simu, na baadhi ya simu zina makro ndani yake. Hata kioo cha kukuzia maandishi, kikishikwa mbele ya kamera ya simu, hufanya kazi.

NAMNA YA KUPIGA

Toka asubuhi, kabla jua halijawa kali na upepo haujaanza. Ukikaribia ua sana, sehemu inayoonekana vizuri huwa milimita chache tu. Mengine yote huwa ukungu. Kwa hiyo mkono usitetemeke. Egemeza simu juu ya ndoo iliyopinduliwa au kigoda, kisha isogeze mbele na nyuma polepole mpaka katikati ya ua paonekane wazi. Mwombe mtoto akinge upepo kwa kipande cha boksi. Karatasi nyeupe ikiwekwa upande wa kivuli hurudisha mwanga.

Kila mmea upige picha tatu: ua kwa karibu, jani mbele na nyuma, kisha mmea mzima. Sababu yake utaiona hapo chini.

TUANZE NA VINKA

Vinka ni kile kiua cha rangi ya waridi au cheupe, chenye petali tano, kinachoota hata pasipopandwa. Asili yake ni Madagaska. Kwa lenzi utaona katikati tundu dogo kama la sindano, limezungukwa na vinyweleo. Petali zimepandana upande mmoja kama mapanga ya panga boi.

Kiua hiki kina historia kubwa. Mwaka 1952 Daktari Clark Noble wa Kanada alipokea kutoka Jamaika bahasha yenye majani 25 ya vinka. Huko watu walikunywa chai yake wakitumaini kutibu kisukari. Alimpa nduguye Robert Noble ayachunguze. Badala ya kuona sukari ikishuka, watafiti waliona chembe nyeupe za damu zikipungua. Robert Noble na mwenzake Charles Beer wakapata humo dawa ya vinblastini, waliyoitangaza mwaka 1958. Baadaye watafiti wa Marekani walipata nyingine, vinkristini, iliyoanza kutumika huko mwaka 1963.

Vinkristini ni miongoni mwa dawa za saratani ya damu kwa watoto. Husaidia pia saratani ya Burkitt, ambayo mara nyingi huvimbisha taya au tumbo la mtoto. Daktari Denis Burkitt aliieleza mwaka 1958 akifanya kazi Kampala, Uganda. Mama, ukiona taya la mtoto linavimba haraka, usidhani ni jino tu. Mpeleke hospitali mapema, maana ugonjwa huu ukiwahiwa hutibika.

Lakini tusidanganyike kuchemsha majani ya vinka nyumbani. Huhitajika mamia ya kilo za majani makavu kupata gramu moja ya vinkristini, na daktari huipima kwa miligramu. Kikombe cha majani hayo hakina kipimo, ila kina sumu.

UKOO WA PANGA BOI

Sasa yapige picha maua ya oleanda, alamanda na waridi la jangwani. Utashangaa: petali zile zile tano zilizopandana. Yote ni ukoo mmoja na vinka. Vunja jani la alamanda uone utomvu mweupe kama maziwa. Haibiskasi nayo petali zake hupandana, lakini ina mnara mrefu katikati wenye chavua ya manjano, wala haina utomvu huo.

Ukoo huu ni mzuri lakini si wa kuchezea. Oleanda ina sumu inayovuruga mapigo ya moyo, katika majani, maua na matawi. Waridi la jangwani ndilo ambalo Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hutumia utomvu wake kwa sumu ya mishale. Hatuna haja ya kuyang'oa yote. Tuyapande mbali na pale watoto wadogo wanapocheza, tunawe mikono baada ya kuyapogoa, na tusitumie vijiti vya oleanda kuchomea mishikaki.

MTOTO AKITAFUNA

Mtoe mabaki mdomoni na umsukutue kwa maji safi. Usimtapishe. Utomvu ukiingia machoni, osha kwa maji mengi safi. Usingoje dalili, nenda kituo cha afya mara moja, na uchukue tawi la mmea pamoja na zile picha tatu. Mhudumu akiujua mmea, huokoa muda.

Basi, akina mama, Jumamosi hii tembea bustanini na wanao. Kila mtoto achague ua moja, alipige picha, na ajifunze jina lake. Atakayelijua ua kwa jina atajua pia kama ni la kushika au la kutazama tu.