Jua Lililomezwa na Fotokopi: Ushairi na Michoro ya Waimpreshenisti katika Vitabu vya Watoto

Katika vitabu vya watoto, picha aghalabu hutwikwa kazi ya kutafsiri maneno: shairi likitaja paka, paka huchorwa. Utaratibu huu humfaa mtoto anayejifunza majina ya vitu, lakini hulipunja shairi, kwani kilichokwisha kuonekana hakihitaji tena kuwazwa. Makala haya yanafafanua njia nyingine, ya kuliweka shairi kando ya mchoro wa waimpreshenisti. Msomaji anayekusudiwa ni mtoto wa Rodi Kopany, Kaunti ya Homa Bay, ambaye huongea Dholuo nyumbani na kukutana na Kiswahili hasa darasani.

Waimpreshenisti ni wachoraji waliofanya maonyesho yao ya kwanza mjini Paris mwaka 1874. Jina lao lilitokana na mchoro wa Claude Monet wa macheo katika bandari ya Le Havre. Mhakiki Louis Leroy alilitumia kwa kejeli, nalo likadumu. Hawakushughulika sana na mistari ya kuzingira vitu. Walichora mwanga, na kwa mwanga huo, wakati. Mnamo 1890 na 1891 Monet alichora marundo ya ngano tena na tena, katika saa na majira tofauti. Kwa mwalimu wa Kiswahili hiyo ni hazina: alfajiri, macheo, adhuhuri, alasiri, machweo na utusitusi ni maneno ambayo picha ya jua lenye miale minne haiwezi kuyatenganisha.

Mtindo wa Tingatinga, ambao John Kilaka wa Tanzania ameutumia katika vitabu vyake vya picha, una mistari dhahiri na rangi kali. Unazifaa mno ngano za wanyama. Shairi la hali na wakati, hata hivyo, hudai ukungu kidogo.

Yamkini mtu atauliza: Le Havre inamhusu nini mtoto wa Nyanza? Swali ni la haki, ila mchoro wenyewe una mashua ndogo, maji, ukungu na jua la rangi ya chungwa. Katika Ghuba ya Winam, wavuvi wa omena huvua usiku kwa taa na kurejea kunapokucha.

Tatizo zito zaidi ni uchapishaji. Ukurasa wa rangi ni ghali, na mwalimu asiye na vitabu vya kutosha hukimbilia fotokopi nyeusi na nyeupe. Margaret Livingstone, mtaalamu wa mfumo wa neva katika Chuo Kikuu cha Harvard, ameeleza kwamba jua la Monet lina mng'ao unaokaribia kulingana na wa mawingu yanayolizunguka. Kinachowatenganisha machoni ni rangi. Rangi ikiondolewa, jua karibu litoweke. Mtoto hukabidhiwa macheo yasiyo na jua.

Hapa ndipo shairi linapopata kazi yake. Uchukuliwe mshororo huu, uliobuniwa kwa ajili ya mfano tu:

Jua linapochomoza, maji yote huwa shaba.

Neno "shaba" limebeba rangi iliyomezwa na mashine, na mtoto aliyewahi kuona waya wa shaba ataipaka mwenyewe kwenye ukurasa wa kijivu. Mshororo ambao ungetaja mashua pekee ungerudia kile ambacho fotokopi imekwisha kukihifadhi. Kwa hiyo mtunzi anayeandikia kitabu cha namna hii hana budi kuitazama kwanza nakala ya kijivu, aone kilichopotea, ndipo aanze kuhesabu mizani.