Dokezo kwa Waziri: Kuandika Ushauri ni Kazi ya Siasa

Katika mafunzo yetu ya uongozi tunatumia muda mwingi kujadili maamuzi: nani aamue, kikao gani kiamue, na nani asimamie utekelezaji. Lakini kuna hatua moja tunayoipita haraka mno. Kabla waziri hajaamua, mtu fulani ameketi mezani na kumwandikia karatasi. Karatasi hiyo ndiyo inayomwambia tatizo ni nini, njia zilizopo ni zipi, na ipi ifuatwe. Waziri hawezi kuukagua kila mto wala kuzungumza na kila mkulima. Mara nyingi huiona nchi kupitia yale aliyoandikiwa. Kwa hiyo mwandishi wa dokezo, hata akiwa ofisa wa cheo cha chini, anashika sehemu ya madaraka ya umma, na hana budi kutazamwa hivyo.

Wako makada wanaofikiri kuwa kazi hii ni ya makarani na wataalamu tu, na kwamba siasa huanza pale waziri anaposimama jukwaani. Fikra hiyo ni potofu. Anayechagua hoja zipi zifike mezani na zipi zibaki kwenye jalada amekwisha kufanya uamuzi wa kisiasa, ajue asijue.

SAFARI YA KARATASI

Tuanze na jinsi kazi inavyokwenda. Dokezo huandikwa na ofisa, hupanda kwa mkuu wa idara, hufika kwa Katibu Mkuu, ndipo huingia kwa Waziri. Jambo likizidi uwezo wa wizara moja, huandaliwa waraka wa Baraza la Mawaziri, na Makatibu Wakuu huuchambua kabla haujafika kwenye Baraza. Katiba ya 1977, katika ibara ya 54, inalifanya Baraza hilo kuwa chombo kikuu cha kumshauri Rais.

Ngazi hizi zimewekwa kwa sababu njema, maana macho mengi huona makosa mengi. Lakini zina hatari yake. Ofisa anaandika, "Mpango huu utashindwa mwaka wa kwanza kwa sababu maji hayatoshi." Mkuu wake anaona maneno hayo ni makali, anaandika, "Upo wasiwasi kuhusu maji." Ngazi ya juu inaandika, "Suala la maji litaendelea kuangaliwa." Waziri anasoma na kutia sahihi kwa amani. Hakuna aliyesema uongo, lakini ukweli umefia njiani.

FUNZO LA KARANGA

Historia ya nchi yetu inao mfano ambao kila kada angepaswa kuujua. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Mwezi Machi 1946 Frank Samuel, mkurugenzi wa United Africa Company, alipendekeza kwa serikali ya Uingereza kilimo kikubwa cha karanga kwa mashine katika Tanganyika. Ujumbe wa watu watatu ukaletwa, ukiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika. Ulikaa hapa Afrika wiki tisa. Taarifa yake ilipendekeza ekari 3,210,000 za karanga, sehemu kubwa Tanganyika na nyingine Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, kwa gharama ya karibu paundi milioni 24. Serikali iliukubali mpango, na mwaka 1947 kazi ikaanza Kongwa chini ya Wizara ya Chakula, iliyokuwa na waziri John Strachey.

Mwaka wa kwanza lengo lilikuwa ekari 150,000. Zilizopandwa zilikuwa kama 7,500. Matrekta mengi yalikuwa yametumika vitani, yakaharibika mapema. Mibuyu na vichaka vilishinda mashine. Udongo wa Kongwa una mfinyanzi, na kiangazi kikiingia hukauka na kuwa mgumu kama saruji, hata karanga haziwezi kung'olewa. Mvua ni chache na haina ratiba. Mwezi Januari 1951 mpango ulifutwa, na kiasi cha paundi milioni 36 kikahesabiwa kuwa kimepotea.

Tunaweza kusema kuwa huo ulikuwa ukoloni, na ni kweli: shida iliyotibiwa ilikuwa ya jiko la Uingereza, na ardhi iliyotumiwa ilikuwa ya Mgogo. Lakini tukiishia hapo hatujajifunza kitu, kwa sababu kosa la aina hii halibagui bendera. Tuitazame karatasi yenyewe kama karatasi. Ilikuwa na tarakimu nyingi zilizopangwa vizuri. Haikutanguliwa na shamba la majaribio hata la msimu mmoja, kwa madai kuwa haraka ilikuwa kubwa. Ilimpa waziri njia moja yenye ukubwa wa kutisha badala ya kumwekea mezani pia njia ndogo ya kuanzia. Na ujuzi wa watu wa Ugogo, ambao kwa vizazi wamelima mtama na uwele na kufuga kwa sababu wanaijua mvua yao, haukuwa msingi wa hesabu. Wingi wa tarakimu ukachukuliwa kuwa ndio uhakika.

LALAMIKO LA KWELI, DAWA ISIYOPIMWA

Mfano wa pili ni wetu wenyewe. Mwaka 1972 halmashauri za serikali za mitaa zilifutwa, na Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vikavunjwa. Malalamiko juu ya vyombo hivyo yalikuwa ya kweli. Vyama vya ushirika vilikuwa na wizi, madeni na ucheleweshaji wa malipo ya wakulima. Lakini kutoka kwenye lalamiko moja la kweli zinaweza kutoka dawa tatu au nne tofauti: kuwafukuza wezi, kubadili sheria, kupunguza kazi za chombo, au kukivunja. Kila dawa inadai jibu la swali moja la kawaida: kazi iliyofanywa jana na chombo hiki, kesho itafanywa na nani, kwa malori gani, maghala gani na makarani gani? Mwaka 1982 zilitungwa sheria za kurudisha vyombo vyote viwili, na halmashauri zikaanza tena kazi mwaka 1984. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri hadharani kuwa kuvifuta lilikuwa kosa. Kukiri huko ni heshima kwake. Kwa sisi tunaoandika, ni ukumbusho kwamba tatizo likielezwa vizuri bado dawa haijapimwa.

DOKEZO ZURI LINA NINI?

Mwezi Agosti 1940, katikati ya vita, Churchill aliwaandikia mawaziri na watumishi wake karatasi fupi akiwataka wafupishe taarifa zao: hoja kuu ziwe katika aya fupi, maelezo marefu yawekwe kwenye kiambatisho, na maneno ya kujaza nafasi yaachwe. Hatuna sababu ya kumpenda Churchill, lakini katika hili alikuwa sahihi. New Zealand nayo tangu 2016 ina mwongozo wa serikali wa kupima ubora wa ushauri, na wizara hutoa alama kwa karatasi zake zenyewe, 1 mpaka 5. Mwongozo huo unauliza mambo manne: mazingira ya jambo, uchambuzi, ushauri wenyewe, na hatua zinazofuata.

Kwa mahitaji yetu, nawafundisha wanafunzi wangu kuandika kwa mpangilio huu:

Kwanza, ombi. Mstari wa kwanza umwambie waziri anatakiwa aamue nini, na kabla ya tarehe gani.

Pili, tatizo. Ni nani anaumia, wapi, kwa kiasi gani, na tumejuaje. Itengwe habari iliyothibitishwa na ile inayodhaniwa.

Tatu, njia. Ziwe angalau tatu, na moja iwe ya kuacha mambo yalivyo. Zisiwepo njia za kuigiza, zilizowekwa ili zikataliwe.

Nne, gharama na anayeilipa. Kila sera ina mtu anayebeba mzigo. Atajwe: mkulima, mfanyakazi, mlipa kodi, au kizazi kijacho.

Tano, hoja ya kupinga. Iandikwe hoja kali kuliko zote dhidi ya pendekezo lako, kwa maneno ambayo mpinzani wako angeyakubali.

Sita, pendekezo na utekelezaji: nani afanye nini, lini, na ni dalili gani itatuonyesha mapema kuwa tumekosea.

Yote hayo yaingie kurasa mbili. Asiyeweza kufupisha jambo bado hajalielewa.

UJASIRI WA KUSEMA

Mpangilio peke yake hautoshi. Nilipokuwa ofisa kijana katika wilaya moja, niliandika dokezo la kurasa tisa kuhusu kisima cha kijiji. Niliweka historia ya kijiji, sera ya maji na ramani. Wazee wawili walikuwa wameniambia kuwa upande ule uliochaguliwa maji ni ya chumvi. Nilijua mkubwa wangu alikwisha kuupenda upande huo kwa sababu uko karibu na barabara, kwa hiyo nikaandika tu kwamba "maoni ya wananchi yalizingatiwa". Kisima kilichimbwa. Maji yalikuwa ya chumvi. Kina mama waliendelea kwenda mtoni, na mimi niliendelea kupokea mshahara. Hakuna aliyenilaumu, kwa maana hakuna aliyejua. Lakini nilijua mimi, na wale wazee wawili walijua.

Kosa langu halikuwa la sarufi. Nilipima kwanza uso wa mkubwa, kisha ndipo nikapima maji. Ndivyo urasimu unavyozaliwa: mtumishi anaacha kumtumikia mwananchi na kuanza kutumikia raha ya aliye juu yake. Mwalimu, katika kijitabu chake cha Tujisahihishe cha mwaka 1962, aliwahimiza wanachama kukosoana na kujikosoa bila woga. Wito huo unahusu mabaraza na mikutano, na unahusu pia meza ya mwandishi akiwa peke yake na kalamu yake.

Tusichanganye ujasiri na ukaidi. Mshauri anasema kweli kabla ya uamuzi, kwa heshima na kwa ushahidi. Waziri akiisha kuamua ndani ya sheria, mshauri anatekeleza kwa bidii hata kama pendekezo lake halikuchukuliwa. Lakini dokezo lake libaki kwenye jalada kama alivyoliandika, ili wanaokuja wajue nini kilijulikana, na lini. Viongozi nao wana wajibu wao. Waziri anayemkaripia aliyeleta habari mbaya, mwezi ujao ataletewa habari njema tupu. Mficha maradhi, kilio humfichua. Na katika serikali kilio hicho humwangukia mwananchi kwanza.

KAZI KWA VIKUNDI VYA MASOMO

Kila kikundi kichukue uamuzi mmoja uliofanywa katika wilaya yake, kiandike dokezo la kurasa mbili kana kwamba uamuzi bado haujafanyika, kisha kilipeleke kwa watu watatu ambao uamuzi huo unawagusa. Kiwaulize kama wanaliona jambo lao humo. Wakisema hawalioni, dokezo liandikwe upya.