Fahamu: Hewa chafu ya Baraka inatoka wapi?

Baraka, katika Kivu Kusini nchini Kongo, si mji wa viwanda, lakini hewa chafu ipo: kuni, makala, samaki wanaokaushwa kwa moshi, jenereta, vumbi la pikipiki kwenye barabara ya udongo ya kwenda Uvira. Hatari kubwa ni chembechembe zisizozidi mikromita 2.5. Hizo hushuka mapafuni, nyingine zikapenya hadi kwenye damu, zikaleta kiharusi na maradhi ya moyo, si kikohozi tu. Watoto hupata nimonia. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipunguza kikomo chake cha wastani wa mwaka cha chembechembe hizo kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa mita ya ujazo.

Makala huaminiwa kuwa salama kwa kuwa moshi wake ni mdogo. Hiyo ni imani potofu: makala hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, inayoua waliolala na mbabula (jiko la makala) inayowaka ndani.