Wingu Si Diski

Wahandisi wa data wanaifahamu hali hii. Injini ya kuchakata data imepewa kazi kubwa, vipande vyote vya kazi vimeonyesha alama ya kukamilika, na kilichobaki ni kupokea jibu. Jibu haliji. Vichakataji vimetulia, kumbukumbu haijajaa, mtandao hauna msongamano, lakini programu inashikilia kwamba bado inafanya kazi. Dakika zinapita, wakati mwingine nyingi kuliko zilizotumika kwenye hesabu yenyewe. Ukiichunguza utaikuta inahangaika na jambo ambalo kwenye kompyuta ya mezani huisha kabla hujapepesa jicho: inabadilisha majina ya faili.

Kiini cha ucheleweshaji huo ni teknolojia mbili zilizokua wakati mmoja, kila moja na imani yake kuhusu faili, kisha zikaozeshwa.

Injini iliyozoea diski

Mwaka 2003 Google ilieleza hadharani mfumo wake wa faili uliotandazwa juu ya kompyuta nyingi za bei nafuu. Mwaka uliofuata, wahandisi wake Jeffrey Dean na Sanjay Ghemawat wakaeleza MapReduce, mbinu ya kuigawa hesabu kubwa ili ifanywe na kompyuta hizo kwa pamoja. Doug Cutting na Mike Cafarella walizichukua fikra hizo wakazijenga upya katika programu huria, nayo Hadoop ikazaliwa.

Kanuni ya Hadoop ilikuwa moja: data ni nzito na programu ni nyepesi, basi programu ndiyo isafiri. Faili ilikatwa vipande, baadaye kwa kawaida vya megabaiti 128, kila kipande kikatunzwa nakala 3 kwenye kompyuta tofauti, na kompyuta yenye kipande ndiyo iliyopewa kazi ya kukichakata. Spark, injini mpya iliyoanzishwa na Matei Zaharia katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2009, ilikwenda kasi zaidi kwa kuweka matokeo ya katikati kwenye kumbukumbu. Hata hivyo, katika kusoma na kuandika faili iliendelea kutegemea maktaba za Hadoop. Ilirithi maktaba, ikarithi na mazoea yake.

Ghala lisilo na folda

Tarehe 14 Machi 2006, Amazon ilifungua S3, huduma ya kuhifadhi data kwenye wingu, kwa bei ya senti 15 za dola kwa gigabaiti kwa mwezi. Leo daraja lake la kawaida katika vituo vya Virginia ni takriban senti 2.3. Google, Microsoft na wengine wana huduma za aina hiyo hiyo.

S3 huhifadhi vitu ndani ya ndoo. Kitu ni mkusanyiko wa baiti wenye jina, basi. Jina kama mauzo/2024/machi/01.parquet linaonekana kama njia ya kupita folda tatu, lakini folda hizo hazipo. Mikwaju ile ni herufi tu ndani ya jina refu. Maombi nayo ni machache, na yote hupita kwenye mtandao: weka kitu, kichukue kizima au sehemu yake, kinakili, kifute, orodhesha majina yanayoanza na herufi fulani. Katika S3 ya kawaida hakuna ombi la kubadilisha jina. Anayetaka jina jipya hunakili kitu kizima kwa jina hilo, kisha hufuta cha zamani.

Kwa nini basi mtu aiache diski iliyo jirani na kichakataji, aende kusoma kupitia mtandao? Kwa sababu katika klasta ya Hadoop, yaani kundi la kompyuta zinazofanya kazi pamoja, diski na vichakataji hununuliwa pamoja. Ukihitaji nafasi zaidi unalipia na nguvu usiyoihitaji, na kompyuta lazima ziwake usiku kucha hata pasipo kazi, maana zikizimwa data haifikiki. Ukiiweka data kwenye wingu, unawasha kompyuta 100 kwa saa moja, unachakata, unazizima, na data inabaki palepale. Kampuni kama Netflix ziliiona faida hiyo mapema.

Kilichokosekana ni kiunganishi. Kile cha kwanza cha Hadoop kiliifanya S3 kuwa diski kabisa: kilikata faili vipande na kuvitupa ndani ya ndoo, kiasi kwamba programu nyingine yoyote haikuweza kuvisoma. Cha pili kiliandika vitu vya kawaida. Cha tatu, S3A, kilitoka na Hadoop 2.6 mwaka 2014, nacho ndicho kinachotumika hadi leo.

Kukabidhi matokeo

Turudi kwenye majina. Kompyuta 100 zinapoandika matokeo kwa pamoja, chache zitaharibika njiani na kazi yake itarudiwa na nyingine. Ili msomaji asikute matokeo nusunusu au yaliyojirudia, kila kompyuta huandika kwanza kwenye folda ya muda. Kazi yote ikikamilika, msimamizi, yaani programu inayoratibu kazi, huhamishia matokeo mahali pake kwa kubadilisha jina. Kwenye mfumo wa faili wa Hadoop tendo hilo ni la papo hapo na halikatiki katikati: ama limefanyika, ama halijafanyika.

Kwenye S3, utaratibu uleule unamaanisha kunakili kila baiti ya matokeo, tena msimamizi akivipitia vitu hivyo huku kompyuta nyingine zikimngoja. Hapo ndipo dakika zinapopotelea. Lililo baya zaidi, msimamizi akianguka katikati, nusu ya matokeo itakuwa imehamia na nusu haijahamia.

Suluhisho lilipatikana ndani ya S3 yenyewe. Kitu kikubwa kinaweza kupakiwa kwa sehemu, na hakionekani kwa yeyote hadi litumwe ombi la mwisho la kuziunganisha sehemu hizo. Ryan Blue wa Netflix aliitumia tabia hiyo, na mwaka 2018 Hadoop 3.1 ikatoka na taratibu mpya za kukabidhi matokeo. Sasa kila kompyuta hupakia sehemu zake moja kwa moja mahali pa mwisho bila kukamilisha upakiaji. Kazi ikifaulu, msimamizi hutuma maombi mafupi ya kukamilisha. Ikishindwa, upakiaji hufutwa. Hakuna kinachonakiliwa.

Orodha iliyosahau

Tatizo la pili lilikuwa la kutatanisha zaidi. Kwa miaka mingi, kitu kilichoandikwa sasa hivi kiliweza kukosekana kwenye orodha ya S3 kwa muda, na kilichofutwa kikaendelea kuonekana. Injini iliyoamini orodha hiyo iliruka sehemu ya data bila kutoa kosa lolote, na ripoti ikatoka na jumla isiyo sahihi. Watunzaji wa Hadoop walijenga S3Guard, daftari la pembeni ndani ya hifadhidata ya DynamoDB, la kukumbuka kilichoandikwa. Desemba 2020 Amazon ilitangaza kwamba kila kinachoandikwa kitaonekana papo hapo, na daftari hilo likastaafishwa.

Gharama ya kusubiri

Tatizo la tatu halijaondoka. Amazon yenyewe inakadiria kwamba kusoma kitu kidogo huchukua milisekunde 100 hadi 200. Chukua gigabaiti 100 zilizokatwa katika faili milioni moja za kilobaiti 100. Kwa milisekunde 100 kila moja, msomaji mmoja atasubiri sekunde 100,000, karibu saa 28. Na kwa kuwa orodha hutolewa majina 1,000 kwa kila ombi, kujua tu faili zipo zipi kunahitaji maombi 1,000. Data ileile ikiwa katika faili 800 hivi za megabaiti 128, kusubiri kunashuka hadi sekunde 80, ukiacha muda wa kusafirisha baiti zenyewe.

Hiyo ni sababu mojawapo ya muundo wa Parquet, uliotolewa mwaka 2013 na wahandisi wa Twitter na Cloudera, kupata umaarufu mkubwa. Hupanga data kwa safu wima na kuweka faharasa mwishoni mwa faili. Injini huomba baiti za mwisho kwanza, ikajua safu inayoitaka iko wapi, kisha ikachukua sehemu hiyo pekee. Iceberg, iliyoanzia Netflix, na Delta Lake ya Databricks zimepiga hatua zaidi: zinaandika zenyewe orodha ya faili zinazounda jedwali, hivyo injini haina haja ya kuorodhesha ndoo wala kubadilisha jina lolote.

Barani kwetu mfano mzuri ni Digital Earth Africa, mradi unaotunza picha za setilaiti za Landsat na Sentinel-2 kwenye vituo vya Amazon vilivyofunguliwa Cape Town mwaka 2020. RCMRD, kituo cha kikanda cha ramani za rasilimali kwa maendeleo kilichoko Nairobi, ni mshirika wake. Injini yao ni Open Data Cube, siyo Spark, lakini sheria ni ileile: picha zimepangwa ili programu iombe kipande cha eneo husika bila kupakua picha nzima, na kompyuta zinazochakata ziko jirani na ghala. Mtafiti aliyeko Dodoma hutuma mistari michache ya msimbo na kurudishiwa ramani. Terabaiti za picha hazivuki mpaka.

Kanuni ya zamani, basi, haijafa. Programu bado inaifuata data, ila sasa inaifuata hadi kwenye jengo, si hadi kwenye diski. Kwa kijana anayeanza kuunganisha Spark na wingu, ushauri ni huu: weka kompyuta na ndoo katika mkoa mmoja wa wingu, unganisha faili ndogo ziwe kubwa, hakikisha utaratibu mpya wa kukabidhi matokeo umewashwa, maana matoleo mengi hayautumii bila kuagizwa, na uweke kanuni ya kufuta upakiaji ulioachwa njiani, kwa kuwa unalipiwa ingawa hauonekani kwenye orodha ya vitu. Na kamwe usiandike nywila za wingu ndani ya msimbo. Tumia ruhusa za muda zinazotolewa na mfumo wenyewe. Kuunganisha ni kazi ya mistari michache. Kuelewa unachounganisha ndiko kunakoamua kama kazi itaisha leo au kesho.