Mafuriko kama Mhimili wa Maisha: Uchumi, Utamaduni na Mazingira Asilia ya Bonde la Kilombero

Utangulizi

Bonde la Kilombero lipo kusini mwa Mkoa wa Morogoro, kati ya Milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge. Mji wake mkuu ni Ifakara. Wapangaji wa kilimo huliona bonde hili kuwa ghala la mpunga. Wahifadhi huliona kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa. Makala hii inaeleza kuwa mitazamo yote miwili inategemea jambo moja, yaani mafuriko ya kila mwaka, na kwamba migogoro ya ardhi bondeni hueleweka vyema ikichunguzwa kuanzia hapo.

Mazingira asilia

Mito mingi hushuka kutoka Udzungwa na kuingia Mto Kilombero. Masika yanapofikia kilele, mto hufurika na kufunika tambarare. Maji yanapopungua huacha udongo wenye rutuba, mabwawa yenye samaki na majani mabichi wakati maeneo mengine yamekauka. Mwaka 2002 eneo la takriban kilometa za mraba 7,967 liliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar. Bonde hili lilitambuliwa kuwa makazi ya sehemu kubwa ya sheshe wote waliosalia duniani, pamoja na ndege aina ya kwera, aitwaye kisayansi Ploceus burnieri, asiyepatikana penginepo.

Uchumi

Mpunga ndilo zao kuu la wakulima wadogo, na mchele wa Kilombero una soko kubwa Dar es Salaam. Upande wa kaskazini, eneo la Kidatu, kilimo cha miwa na kiwanda cha sukari vimekuwapo tangu miaka ya 1960. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, iliunganisha vijiji vya bondeni na masoko ya mbali. Daraja la Kilombero, lililozinduliwa mwaka 2018, lilichukua nafasi ya kivuko kati ya Ifakara na njia ya Mahenge na Malinyi.

Utamaduni

Wandamba hujulikana kwa uvuvi, mitumbwi na kilimo cha mpunga. Wanaishi pamoja na Wapogoro, Wabena, Wambunga na wengineo. Maisha ya jamii hizi hufuata mwendo wa maji. Msimu wa kilimo ukifika, familia nyingi huhamia mashamba ya mbali na kukaa katika madungu ili kulinda mpunga dhidi ya ndege na wanyama. Hata hivyo, maji yanayoleta mavuno huleta pia mbu. Si ajabu kwamba maabara ndogo iliyoanzishwa Ifakara na watafiti wa Uswisi mwaka 1957 ilikua na kuwa Taasisi ya Afya Ifakara, inayotambulika kwa utafiti wa malaria.

Chanzo cha migogoro

Katika miongo ya karibuni wafugaji, wakiwamo Wasukuma, waliingia bondeni na mifugo yao. Mkulima, mvuvi, mfugaji na sheshe wakawa wanahitaji ukanda uleule wa kandokando ya mto, mara nyingi katika miezi ileile ya kiangazi. Mwaka 2012 Serikali iliendesha operesheni ya kuondoa mifugo. Hatua ya namna hiyo hupunguza idadi ya watumiaji, lakini haijibu swali la msingi: nani ana haki ya kutumia ardhi ambayo kwa miezi kadhaa ni maji?

Swali hilo halikomei Ifakara. Mto Kilombero unapoungana na Luwegu huzaa Mto Rufiji, na ndio unaochangia zaidi ya nusu ya maji yake. Hivyo Bwawa la Julius Nyerere, lililosanifiwa kuzalisha megawati 2,115, pamoja na mikoko na uvuvi wa kamba katika delta ya Rufiji, vinategemea hali ya bonde lililo mbali na bahari.

Hitimisho

Ardhi inayoonekana tupu wakati wa mafuriko ina wenyewe wakati wa kiangazi, na inayoonekana tupu kiangazi ina kazi wakati wa masika. Mipango ya matumizi ya ardhi inayochora mipaka ya kudumu bila kuzingatia misimu huendeleza migogoro inayokusudia kuitatua. Inafaa ramani za bonde zioneshe nani anatumia nini, na katika mwezi upi.