Ndoo, Sufuria na Kisima: Unaikumbuka Sayansi ya Shule ya Msingi?

Leo tunaanza na kamtihani kadogo. Usiogope, hakuna viboko. Jibu kimoyomoyo, NDIYO au SIYO:

1. Maji yaliyotulia kwenye ndoo usiku kucha mpaka yakawa meupe ni salama kunywa.
2. Vipovu vidogo vikianza kuonekana chini ya sufuria, maji yameshachemka.
3. Ukichemsha maji ya chumvi kwa muda mrefu, chumvi hupungua.
4. Ardhi huchuja kila kitu, kwa hiyo maji ya kisima ni safi siku zote.

Umejibu NDIYO hata mara moja? Basi soma mpaka mwisho, kwa sababu majibu yote manne ni SIYO. Wala usione aibu. Wengi wetu tulikariri "hali za maada ni tatu: yabisi, kimiminika na gesi", mwalimu akatia vema, tukafunga daftari. Tulisoma ili tufaulu mtihani. Hakuna aliyetuambia kwamba yale masomo yalikuwa yanazungumzia ndoo ya nyumbani kwetu.

KISIMA HATUA TISA KUTOKA CHOONI

Ngoja nikupe kisa. Nilialikwa na kikundi cha vijana wa mtaa mmoja pembezoni mwa mji. Walikuwa wamechanga pesa ili wachimbe kisima, maana walichoka kununua maji kwa ndoo. Vijana safi, wachapakazi. Wakanipeleka kuona mahali walipopigilia vigingi.

Nikauliza, "Na choo kile ni cha nani?"

"Cha pale kwa mama mwenye genge," mwenyekiti akajibu.

Nikahesabu hatua. Zilikuwa tisa. Tena choo kiko juu kidogo na kisima kinachimbwa bondeni.

"Dada, hapa ndipo maji yako karibu," mwenyekiti akanieleza. "Kule juu tutachimba mpaka tuchoke. Halafu si maji yanachujwa na udongo? Tulisoma."

Kweli walisoma, na mimi pia nilisoma. Lakini walikumbuka nusu ya somo, na hiyo nusu nyingine ndiyo yenye uhai wa watu. Basi twende wote darasani, tuanze na ndoo.

SOMO LA KWANZA: KUTUA, KUCHUJA NA KUYEYUKA

Chota maji ya mto wakati wa masika, yaache kwenye ndoo. Asubuhi tope limetua chini na juu maji ni meupe. Kwa nini? Kwa sababu chembe za udongo ni nzito kuliko maji, kwa hiyo huzama zenyewe. Ukipitisha maji hayo kwenye kitambaa safi, majani na takataka hubaki juu ya kitambaa. Mpaka hapo mambo ni mazuri.

Sasa tia chumvi kijiko kimoja kwenye maji, koroga, kisha chuja kwa kitambaa hichohicho. Onja. Chumvi bado imo! Imeyeyuka, imegawanyika vipande vidogo mno ambavyo hakuna kitambaa wala chujio la chai linaloweza kuvikamata.

Vijidudu je? Hivyo haviyeyuki kama chumvi, lakini ni vidogo ajabu. Kijidudu cha kipindupindu kina urefu wa sehemu chache tu za elfu moja za milimita. Kwenye tundu la kitambaa kinapita kama panya anayepita kwenye geti la shule. Wala hakina uzito wa kukizamisha haraka chini ya ndoo.

Kwa hiyo kumbuka: maji MEUPE na maji SALAMA ni vitu viwili tofauti. Kutuliza na kuchuja ni hatua ya kwanza tu. Usiidharau, maana maji yenye tope ni magumu kutibu kwa dawa ya klorini au kwa jua. Ila usiishie hapo.

SOMO LA PILI: KUCHEMKA

Mwalimu alituambia maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Sentigredi. Ni kweli, lakini hiyo ni kwa watu wa usawa wa bahari, kama Tanga, Mombasa au Zanzibar. Ukipanda mlimani, hewa inayokandamiza maji hupungua, na maji huchemka mapema zaidi. Kila ukipanda kama mita 300, kiwango hushuka karibu nyuzi moja. Ndiyo maana Arusha au Nairobi maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95 hivi, na maharage yanachelewa kuiva.

Je, watu wa huko wana hatari? Hapana. Vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo hufa kabla hata ya kufika nyuzi 100. Kinachotakiwa ni maji yachemke kweli. Hapa ndipo wengi tunapojidanganya kwa kubana mkaa.

Angalia sufuria vizuri. Vipovu vidogo vinavyoanza kung'ang'ania chini na pembeni si kuchemka. Hiyo ni hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani ya maji, sasa inakimbia joto. Kuchemka ni pale mapovu makubwa ya mvuke yanapotoka chini kabisa na maji yote yanatokota kwa nguvu. Yaache yatokote hivyo dakika 1 nzima. Kama unaishi juu ya mita 2,000, kama vile nyanda za juu za Makete, yaache dakika 3. Basi, hakuna haja ya kumaliza gunia la mkaa.

Halafu yapoze yakiwa yamefunikwa. Maji yaliyochemshwa hayana kinga. Ukiyamimina kwenye ndoo chafu, au mdogo wako akazamisha kikombe na vidole vyake, vijidudu vinarudi upya kama vile hukufanya kitu. Tumia chombo chenye koki, au upawa wenye mpini mrefu.

Na kama mkaa hakuna? Jua lipo, tena halina bili. Chukua chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, isiyozidi lita 2, ijaze maji meupe na uilaze juu ya bati juani kwa saa 6 kamili. Siku za mawingu mazito iache siku 2 mfululizo. Mwanga wa jua ukisaidiana na joto huua vijidudu. Lakini maji yakiwa na tope mwanga haupenyi. Umeona? Tumerudi somo la kwanza.

SOMO LA TATU: MVUKIZO

Unaukumbuka ule mchoro wa mzunguko wa maji? Jua, bahari, mishale inapanda, wingu, mishale inashuka, mlima, mto. Karibu asilimia 97 ya maji yote ya dunia ni ya chumvi, yako baharini. Mbona basi mvua haina chumvi?

Nenda kwenye mashamba ya chumvi kule pwani utapata jibu. Watu wanaingiza maji ya bahari kwenye mabwawa mafupi, jua linachoma, maji yanapanda kama mvuke, chumvi inabaki chini. Maji huruka, chumvi haina mabawa.

Sasa sikiliza vizuri wewe unayeishi Arusha, Manyara, Singida, Kilimanjaro au Nakuru. Bonde la Ufa limejaa miamba ya volkano. Maji ya ardhini yanapopita polepole kwenye miamba hiyo, huyeyusha madini ya floraidi na kuondoka nayo. Floraidi kidogo husaidia meno. Ikizidi, mtoto ambaye meno yake bado yanajengeka ndani ya fizi huota meno yenye madoa ya kahawia. Ikizidi sana kwa miaka mingi, hata mifupa huharibika. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita moja.

Swali: ukichemsha maji hayo, floraidi itatoka? Jibu unalo tayari. Maji yatapungua, floraidi itabaki palepale, na kila lita iliyobaki itakuwa nayo nyingi ZAIDI. Kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi madini. Na yale magadi tunayotia kwenye maharage, mara nyingi nayo yana floraidi.

Dawa yake ni nini? Maji ya mvua yanayokingwa kwenye bati safi ni mazuri, kwani yametoka kwenye mvukizo moja kwa moja na hayajapita mwambani. Au chujio la mkaa wa mifupa, ambalo hunasa floraidi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, Arusha, kimelifanyia kazi jambo hili.

Na jambo moja la utu, jamani. Kijana mwenye meno ya kahawia si mchafu. Anaweza kupiga mswaki mara tatu kwa siku na rangi isitoke, kwa sababu iliingia kabla jino halijaota. Wako wasichana na wavulana wanaozibia mdomo kila wakicheka. Tuache kuwatania. Yule ni mtoto wa volkano, hana kosa.

SOMO LA NNE: MAJI YANATEMBEA CHINI YA ARDHI

Sasa turudi kwa wale vijana na vigingi vyao. Ni kweli udongo huchuja. Mvua ikinyesha, maji huzama taratibu kati ya chembe za udongo mpaka yakutane na tabaka lisilopitisha, kama mfinyanzi mzito au mwamba mgumu. Hapo hujikusanya. Ukichimba ukayafikia, hicho ndicho kisima.

Lakini maji ya shimo la choo nayo yanazama vilevile! Yakipata nafasi ya kupita polepole kwenye mchanga mwembamba kwa umbali wa kutosha, vijidudu vingi hunaswa au hufa njiani. Yakipewa hatua tisa tu, tena mteremko, yanafika kisimani yakiwa hai. Na pale pwani penye mwamba wa matumbawe ni hatari zaidi, kwa sababu mwamba ule una nyufa na mapango. Maji hayachujwi, yanakimbia kama kwenye bomba.

Mwaka 1854 mtaa wa Broad Street jijini London ulikumbwa na kipindupindu, wakafa watu zaidi ya 600. Daktari John Snow alizunguka nyumba kwa nyumba akiuliza wafiwa wanachota maji wapi, akagundua wengi walitumia pampu moja. Mpini wa pampu ukaondolewa. Baadaye kisima kilipochunguzwa, ilionekana shimo la maji machafu la nyumba ya jirani, ambamo yalimwagwa maji yaliyofulia nguo za mtoto mgonjwa, lilikuwa chini ya mita moja kutoka kisimani. Maji ya pampu ile yalisifiwa kwa kuwa meupe na matamu!

Usiseme hayo ni ya Uingereza ya zamani. Mwaka 1997 Tanzania ilipata wagonjwa wa kipindupindu zaidi ya 40,000, na mvua za El Niño za mwishoni mwa mwaka huo zilifurisha vyoo na visima vya Afrika Mashariki. Agosti 2015 ugonjwa ukalipuka tena Dar es Salaam na kusambaa mikoani.

AKIPATWA MTU JE?

Kipindupindu huua kwa kukausha maji na chumvi mwilini, wakati mwingine ndani ya saa chache. Mgonjwa apewe dawa ya ORS mara moja, huku mkimkimbiza kituo cha afya. ORS haipo? Chukua lita 1 ya maji salama, vijiko vya chai 6 vya sukari na NUSU kijiko cha chai cha chumvi, vyote vya kusawazisha. Koroga mpaka viyeyuke, anywe kidogo kidogo bila kuacha. Usikisie vipimo, chumvi ikizidi inadhuru. Sukari husaidia utumbo kunyonya chumvi, na maji hufuata.

SASA FANYA HIVI

- Kisima kiwe angalau mita 30 kutoka choo chochote. Ni kama hatua 40 za mtu mzima.
- Kisima kiwe upande wa juu, choo upande wa chini.
- Kitako cha shimo la choo kisifike kwenye maji. Yabaki angalau mita 1.5 za udongo kati yake na maji ya ardhini wakati wa masika.
- Jenga ukingo na mfuniko wa kisima, na tumia ndoo moja tu ya kuchotea.
- Hata kisima kizuri, tibu maji ya kunywa: chemsha, anika juani, au tia klorini kwa kufuata maelezo ya kwenye chupa.
- Kama uko ukanda wa volkano, ulizia ofisi ya maji kipimo cha floraidi kabla ya kuchimba.

Wale vijana waling'oa vigingi. Walinuna kidogo, sitakudanganya, kwa sababu kule juu walichimba siku nyingi zaidi na pesa ikaisha, ikabidi wachange upya. Lakini mwenyekiti aliniambia neno ambalo nakuachia na wewe: "Dada, kumbe lile daftari la sayansi nisingelichana karatasi za kufungia karanga."

Basi na wewe kalitafute la mdogo wako. Soma naye leo jioni, halafu mkapime hatua kutoka choo chenu hadi kisima mnachochota. Ni ngapi?