Ogani za Uzazi za Kike katika Mpapai na Mwani: Mifano kutoka Kiwalani na Zanzibar

Makala hii inafafanua kazi ya ogani za uzazi za kike katika mpapai, ambao ni mmea utoao maua, na katika mwani mwekundu wa baharini. Hoja yake ni kwamba mkulima asiyezifahamu ogani hizi anaweza kupata hasara bila kujua chanzo chake.

Mtu apandaye mbegu za papai uani kwake Kiwalani hawezi kuitambua jinsia ya miche kwa kuitazama. Hulazimika kungoja miezi kadhaa hadi maua yatokee. Ua jike ni kubwa, hukaa karibu na shina, na ndani yake mna ovari nene yenye stigma iliyogawanyika sehemu tano. Ua dume ni jembamba, nalo huning'inia pamoja na mengine katika kikonyo kirefu. Ipo pia mipapai ambayo ua moja hubeba jinsia zote mbili.

Stigma hupokea chavua. Ovari iliyorutubishwa hukua na kuwa tunda, na viiniyai vilivyomo huwa mbegu. Kwa kuwa mpapai dume kwa kawaida hauzai, mwenye ua hushawishika kuukata. Endapo hakuna mpapai mwingine wa kutoa chavua jirani, maua mengi ya mpapai jike hupukutika. Ndiyo maana wakulima hushauriwa kubakiza takribani dume mmoja kwa kila majike kumi.

Mwani hauna ua wala ovari. Katika mwani mwekundu, ogani ya kike huitwa kapogonia. Nayo ina uzi mwembamba unaonasa gameti za kiume, ambazo hazina mkia wa kuogelea na hivyo huchukuliwa na maji. Hata hivyo, kilimo cha mwani kilichoanza kibiashara Zanzibar mwaka 1989, kwa mbegu kutoka Ufilipino, hakitegemei kapogonia. Wakulima, wengi wao wanawake, hufunga vipande vya mwani kwenye kamba, navyo hukua.

Tofauti hiyo ina maana kubwa. Kwa mpapai tunavuna tunda, yaani zao la ogani ya kike. Kwa mwani tunavuna mwili wenyewe, hivyo urutubishaji hauhitajiki. Lakini kila kipande hurithi sifa za mzazi wake pamoja na udhaifu wake. Maji yanapopata joto kali, mwani wa aina ya kotonii hudhoofika na kushambuliwa na maradhi, na shamba lenye asili moja linaweza kuathirika lote.

Kwa hiyo, ogani ya kike haizalishi mavuno pekee. Ndimo zinamokutana sifa za wazazi wawili na kupatikana kizazi chenye tofauti. Mkulima wa Kiwalani anaihitaji msimu huu ili apate papai. Mkulima wa mwani anaweza kuvuna leo bila hiyo, ila mbegu mpya zenye kustahimili joto zitatafutwa humo.